Freze Zilizovuka Mpaka

Balkoni ya chumba changu cha Kirotshe ina upana wa mkeka wa mtu mmoja, na mtu huyo awe mwembamba. Ukisimama hapo unaona barabara, mapaa ya mabati, migomba michache, na nyuma ya vyote hivyo ziwa Kivu limetulia. Nilipokipanga chumba hicho cha ghorofani, balkoni niliitumia kuanika nguo na kuwasha jiko la makaa. Sikuwahi kufikiri kwamba ingeweza kuwa shamba. Aliyeigeuza shamba ni mama yangu, na sababu ilikuwa mguu.

Mama ni mkulima wa Nyamitaba, kwenye vilima vya Masisi. Siku moja jembe lilimkata juu ya kifundo cha mguu. Akafunika jeraha kwa majani, akaendelea kupalilia maharagwe. Alipokubali kuteremka, jeraha lilikuwa limekuwa kidonda chenye shimo. Muuguzi aliyempokea hospitalini hakumficha kitu. Kidonda kitapona, alisema, lakini ni lazima kisafishwe na kufungwa upya kila baada ya siku chache, bila kukosa, mpaka nyama ijae. Akirudi kilimani kabla ya hapo, mguu anaweza kuupoteza. Huko juu hakuna wa kumfunga vizuri, na barabara ya kumrudisha si ya kuahidiwa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Tulipokuwa tunarudi nyumbani polepole, ameniegemea bega, aliniambia:

"Nimesikia. Lakini muntu hawezi kukaa mu nyumba ya mutoto wake kama mufuko ya chumvi. Ata chumvi iko na kazi."

Kwetu mtu hateremki kutoka kilimani mikono mitupu. Hata siku ile aliyoletwa na mguu wake ukiwa umevimba, mama alikuwa amebeba kikapu cha maharagwe mapajani. Tulikula maharagwe hayo kwa furaha, mimi nikiyasifu kila jioni, bila kujua kwamba yeye alikuwa anatazama kikapu kikipungua. Yalipokwisha, akaanza kula kidogo. Mimi nafanya kazi katika redio ndogo ya mtaa, kwa hiyo nimezoea kuona mambo madogo na kuyauliza. Nikamuuliza kama chakula kina kasoro.

"Chakula iko muzuri, mama," alijibu. Huko kwetu mzazi humwita binti yake mama. "Lakini maharagwe yangu ilishaisha. Sasa niko nakula jasho yako tu. Nisipopata ata kipande ya udongo ya kugusa, mwezi ikiisha narudi kwangu."

"Na mguu?"

"Mguu tutaenda naye."

Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba hakuwa anatania. Nikaanza kutafuta udongo. Lakini Kirotshe, kati ya barabara na ziwa, hakuna ukanda usio na mwenyewe. Hata kando ya mifereji watu wamepanda lengalenga, mchicha wetu, na kila fungu la lengalenga lina mtu anayelichunga kwa jicho kali.

Ndipo nikakumbuka bustani moja ya watawa niliyoitembelea kwa ajili ya kipindi cha redio. Mtawa mwenye bustani alikuwa amepanda stroberi, ambazo sisi kwa mazoea ya Kifaransa tunaziita freze, si chini kwenye matuta bali kwenye bido, yale madumu ya plastiki, zilizopangwa moja juu ya nyingine, zimetobolewa ubavuni, kila tundu likitoa mche wake. Shamba lililosimama wima. Nikarudi kwake, akanipa miche iliyofungwa katika jani la mgomba, akanionya jambo moja tu: moyo wa mche, pale majani yanapoanzia, usifukiwe.

Bido tulizipata sokoni. Zilikuwa zile za njano zinazoleta mafuta ya mawese kutoka Walikale, kule Itebero na msituni, na chini yake bado kulikuwa na ukoko mwekundu. Mama alizisafisha kwa majivu na maji ya moto, ameketi kwenye kibao na mguu ameunyoosha mbele, akiwasifu watu wa msitu kwa mafuta yasiyotaka kuondoka. Tukazitoboa kwa kisu kilichopashwa moto. Tukajaza udongo mweusi wa volkeno uliochanganywa na mbolea ya mbuzi, tukazipandisha moja juu ya nyingine, tukazifunga kwa waya kwenye nguzo ya balkoni. Maji yakimwagwa juu kabisa yanapita bido ya kwanza, yanashuka ya pili, yanaendelea hivyo mpaka ya mwisho. Baada ya ya mwisho yanakwenda wapi, hatukujiuliza.

Jioni ile mama alikula sahani nzima.

Sasa, mtu wa Masisi ukimwambia shamba limesimama, anaelewa kitu kimoja: maharagwe. Maharagwe yetu ni yale yanayopanda, na kila mche una mti wake wa kujizungushia. Kilima kizima wakati wa mavuno huonekana kama jeshi la fito zilizovaa majani. Basi siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta kila tundu la bido limechomekwa fito ya tete, na fito zimefika dari. Freze zilikuwa zimeanza kutoa zile kamba zake ndefu nyembamba, na mama alikuwa amezifunga kamba hizo kwenye matete kwa nyuzi za mgomba, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayesuka nywele za mtoto.

"Mama, hizi hazipandi," nilimwambia.

"Hazipandi sababu hakuna mwenye alizifundisha."

Asubuhi kamba zote zilikuwa zimeinama. Akazifunga tena. Kesho yake zimeinama tena, na mbili zimekauka ncha. Akawa anazungumza nazo kama anavyozungumza na mbuzi: kwanza kwa upole, kisha kwa matusi madogo, kisha kwa kunyamaza. Hatimaye akafungua nyuzi zote, akang'oa matete, akayafunga tita.

"Hii muti iko ajabu," alisema. "Nimelima toka utoto, sijaona mumea yenye haijue mbingu iko wapi."

Kamba zilipoachwa huru, zikafanya zilichokuwa zinataka. Zikapita katikati ya vyuma vya balkoni na kuning'inia nje, zikiteremka kidogo kidogo kuelekea chini, kila moja na kichanga chake cha majani kwenye ncha. Vikonyo vya maua navyo viliinama upande huohuo. Kutoka barabarani nyumba yetu ilionekana kama imeota ndevu.

Chini yetu anakaa mama mmoja mchuuzi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Ana sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Sambaza wake huwaanika juu ya wavu, kwenye kijiuwanja kilicho chini kabisa ya balkoni yangu. Sasa tukajua maji yanakwenda wapi.

"Ninyi ba juu!" tulisikia asubuhi moja. "Ninyi ba juu, mutoke nibaone!"

Nikachungulia. Alikuwa ameshika konzi ya sambaza, wamepakwa tope jeusi.

"Hizi samaki zilishakufa mara moja mu ziwa. Juu ya nini munazizamisha mara ya pili?"

"Utusamehe, mama. Ni maji ya maua."

"Maua ya mavi ya mbuzi? Kuja unuse! Nani atanunua sambaza yenye kunuka zizi?"

Nikashuka na kumwomba radhi, nikaosha wavu wake. Kuanzia siku hiyo nikaweka beseni chini ya bido ya mwisho. Beseni lilifaa nilipokuwa nyumbani. Nisipokuwepo, mama alimwagilia kwa mkono wa mkulima, yaani mpaka ardhi iseme imetosha, na beseni likafurika. Malalamiko yakaendelea. Mwishowe yule mama akampelekea neno mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuja Jumapili baada ya ibada, amevaa koti lake la kanisani. Alitazama kutoka barabarani, akatazama kutoka uani, akapanda ngazi. Alikuwa mpole lakini hakuzunguka.

"Dada, hizi bido ziondoke. Sitaki vita mu parcelle yangu, mu kiwanja yangu. Ukizitoa leo, yote imeisha."

Nikasema ndiyo. Nilipogeuka, mama hakuwa tena kwenye kibao chake. Alikuwa ndani, anakunja kitenge chake cha pili, anakiweka kwenye kikapu kilekile kilicholeta maharagwe.

"Unafanya nini?"

"Shamba ikiondoka, mwenye shamba naye anaondoka."

"Mama, kidonda bado kiko wazi."

"Naona. Iko ku mguu yangu."

Nilikaa kitandani. Wiki hiyo muuguzi alikuwa ametuonyesha pembeni mwa kidonda utepe mwembamba wa ngozi mpya, wa rangi ya waridi, akasema huo ndio mwanzo wa kupona, msiuharibu sasa. Nilimkumbusha mama. Alipomaliza kufunga kikapu alikaa akisikiliza sauti ya mchuuzi wa sambaza, ambaye chini kule alikuwa anamweleza mwenye nyumba kesi yote upya, kwa sauti ile ya ng'ambo ya barabara. Mama aliinamisha kichwa kama mtu anayesikia wimbo wa kwao.

"Huyu muke iko muntu wa kilima gani?" aliniuliza.

Nilisema sijui. Akachukua fimbo yake. Ngazi zile hakuwahi kuzishuka bila kushikwa. Siku hiyo alizishuka akishika ukuta, nami nyuma yake, mikono mbele kama anayefukuza kuku.

Chini, mchuuzi alipomwona akakatiza maneno. Hasira hazikumzuia kuvuta kibao na kukipangusa.

"Ikala, Koko," alisema. Koko ni bibi. "Na mguu vile, unashuka juu ya nini?"

"Nimesikia unasema. Wazazi bako ni ba wapi?"

Mchuuzi akataja kilima kimoja cha Masisi. Ni jirani na Nyamitaba. Kuna bonde moja tu katikati.

"Basi unalima."

"Nililima, Koko. Sasa nauza sambaza."

"Mukono haisahau. Nikuulize kintu. Maharagwe yangu ikipanda ku fito, ikavuka mupaka, ikazaa ku shamba yako. Ile maharagwe iko ya nani?"

"Eh! Iko yangu," mchuuzi alisema bila kufikiri. "Yenye kuvuka mupaka iko ya mwenye kule. Ata mutoto anajua."

Na kweli kwetu kila mtoto anajua. Mashamba ya kilimani yamebanana, na maharagwe hayasomi mipaka. Wazee walikata neno zamani: usivuke kwenda kuvuna kilichokukimbia. Kilichovuka kimeolewa kule.

Mama akainua fimbo kuelekea juu, kwenye ndevu za balkoni. Kamba zilikuwa zimeshuka chini ya sakafu yetu, na kwenye kikonyo kimoja kulikuwa na freze tatu, mbili kijani na moja imeanza kuwa nyekundu upande wa jua.

"Mupaka yetu iko wapi?" akauliza.

Mchuuzi akatazama. Akafuata ukingo wa sakafu ya balkoni kwa kidole. Nikaona uso wake unabadilika, kama wa mtu anayepiga hesabu ya shamba.

"Pale mwisho wa sima," alisema polepole, yaani saruji ya sakafu. "Kwenda juu, yenu. Kuja chini, yangu."

"Njo vile. Basi ile matunda si yangu. Nilikuwa natumia maji yangu kulisha matunda yako."

"Ngoja, ngoja," mwenye nyumba aliingilia. "Parcelle yote iko yangu, juu na chini!"

"Papa, weye uko na ukuta," mchuuzi alimjibu. "Sisi tunaongea shamba."

Mwenye nyumba alicheka kwanza, mama akafuata, na mchuuzi, aliyekuwa anajizuia, akashindwa. Lakini hakuwa mtu wa kusahau samaki wake.

"Na maji, Koko? Ile tope yenye inaanguka ku sambaza yangu?"

"Maji nayo imevuka mupaka," mama alisema. "Iko ya nani?"

Mchuuzi aligeuka. Akatazama wavu wake, akatazama ukuta ulio karibu, ambako jua linafika vizuri zaidi. Akakamata wavu upande mmoja, akanionyesha upande wa pili kwa kidevu. Tukauhamisha. Mahali ulipokuwa, akaburuta gunia kuukuu, akalijaza udongo siku hiyohiyo ya Jumapili, na kupanda lengalenga palepale maji yalipokuwa yanadondoka.

Mwenye nyumba alivua koti akasaidia kushikilia gunia. Alipoondoka hakusema tena habari za bido. Mimi nilipanda juu nikafungua kikapu cha mama, nikarudisha kitenge chake ukutani. Hakunizuia.

Kesho yake kulikuwa na kitu kipya uani. Mchuuzi alikuwa ametafuta, sijui wapi, kipande cha ule mmea wa majani marefu ambao kilimani hupandwa mipakani, akauchomeka kwenye kopo la maziwa, akaliweka kwenye kiguzo, chini kabisa ya ukingo wa balkoni.

"Mupaka bila alama inaleta vita," alimwambia mama kutoka chini.

"Umesema kweli. Umwagilie."

"Na maji gani? Umeshamwagilia leo?"

Hivyo ndivyo mambo yalivyogeuka. Yule aliyekuwa analalamika kwamba maji yanadondoka, sasa akawa analalamika yasipodondoka. Nilikuwa napiga mswaki asubuhi nasikia, "Ba juu! Maji yangu iko wapi?" Na mama, ambaye hapo mwanzo nilikuwa namwamsha kwa shida siku za kufungwa kidonda, akawa anaamka mapema amwagilie kwanza ndipo twende hospitali, kwa sababu, alisema, hataki kelele za yule muke.

Mche uliokataa kufundishwa njia ya mbinguni, mama naye akajifunza kuufuata njia yake. Alinituma nitafute chupa za plastiki zilizotupwa. Tukazikata, tukazijaza udongo, tukazitundika kwa kamba kwenye vyuma vya balkoni, kila moja ikipokea kichanga kimoja kilichoning'inia. Kichanga kilipogusa udongo kikatia mizizi, kikakua, kikatoa kamba yake mwenyewe, ikaenda chini zaidi. Shamba letu halikuongezeka upana hata wa kiganja. Liliongezeka kwenda chini, chupa chini ya chupa, likivuka ukingo na kuingia kwa jirani.

Freze za kwanza zilikuwa ndogo na chachu kidogo. Mama alizila akiwa amefumba jicho moja.

"Inafanana na kitu yenye mutoto amechora," alisema. Akaokota nyingine.

Chini kule mchuuzi alikuwa na watu wa kuonjesha. Mteja akinunua sambaza wengi, alipewa freze moja juu, na mchuuzi akiulizwa imetoka wapi alionyesha juu kwa kiburi: "Iko ya shamba yangu." Saa nyingine bakuli la sambaza waliokaangwa lilipanda ngazi, likarudi na lengalenga za mchuuzi mwenyewe zimepikwa na mama. Hakuna aliyesema asante nyingi. Ilikuwa kama kilimani, ambako sahani inatembea kati ya nyumba na hakuna anayekumbuka ilianza wapi.

Na mguu ukawa unajaa. Ule utepe wa waridi ulizidi kuingia ndani kutoka kila upande, shimo likawa kama sarafu, kisha kama punje ya haragwe. Nilikuwa nautazama kila mara muuguzi anapofungua bandeji, na mama alikuwa ananitazama mimi, si mguu. Mwezi aliousema ulikwisha. Mwingine ukafuata. Habari za kurudi hakuzigusa.

Asubuhi moja muuguzi alifungua bandeji, akabonyeza pembeni kwa kidole, akabonyeza na katikati, halafu hakuchukua bandeji nyingine.

"Mama, umemaliza," alisema. "Uko huru kurudi kulima. Lakini majani usiweke tena."

Mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akatembea kutoka lango la hospitali mpaka nyumbani bila kuniegemea, akisalimia watu ambao hata hawajui. Uani alisimama mbele ya mchuuzi, akainua kitenge kidogo amwonyeshe.

Mchuuzi aliinama akaukagua kama anayechagua samaki.

"Umefunga vizuri. Sasa utatukimbia."

"Mvua ya kupanda maharagwe ikikaribia, nitaenda."

"Na mupaka yetu? Ataishika nani? Huyu mutoto yako wa redio? Hajui ata tunda yenye imevuka na yenye haijavuka."

"Nitamufundisha. Bado niko."

Akapanda juu. Niliingia ndani kubandika maji ya chai, na kupitia mlango nikamwona amesimama kwenye balkoni, kwa miguu yote miwili, ameinama juu ya chuma. Chupa moja ilikuwa na freze zilizoiva vizuri, nyekundu mpaka juu, lakini kamba yake ilikuwa fupi: ilining'inia juu ya ukingo kidogo, upande wetu. Mama alitazama barabarani, akatazama nyuma kuona kama namwona. Nikageukia jiko. Nilipotazama tena alikuwa amefungua fundo na anaishusha kamba, taratibu, mpaka chupa ikapita mwisho wa sima. Akafunga fundo upya, akakaza.

"Jirani!" aliita chini. "Juu ya nini huvuni kitu yako? Itaozea pale!"

"Naona, Koko, naona!" sauti ilijibu. "Imevuka lini?"

"Mi najua? Hii muti haina adabu."